Ndoo Sita

Profesa alifungua mfuniko wa chombo na uvundo ukajaa chumba kizima. Mkuu wa idara akaziba pua kwa leso. Mhadhara wa mtandaoni ulikuwa haujaanza, na tayari fundi mitambo alikuwa amechefukwa.

Hakuchefuliwa na funza. Funza wakilishwa vizuri, maganda yakachanganywa na pumba, hawanuki kitu. Hawa walikuwa wanaoza ndani ya majimaji yao, kwa sababu profesa aliwakumbuka mara ya mwisho wiki iliyopita, siku ya kupigwa picha.

"Sikia, kaka," mkuu alisema, akiinamia meza ya fundi. "Yule dada wa kupokea maswali anaumwa. Leo yatapita kwako. La maana liweke kwenye skrini, la fujo lifute. Wafadhili wanatazama. Tukimaliza salama, barua yako ya ajira ya kudumu naisaini hapahapa. Miaka saba ya kibarua si mchezo."

Fundi alikuwa na sababu yake ya kutaka dada yule awepo leo.

"Sawa, mzee," alisema.

Saa nane kamili mchana taa nyekundu ikawaka. Watazamaji mia tatu na kumi. Profesa akatabasamu kwa meno yote.

"Ndugu zangu, chuo si ghala la vitabu! Utafiti wetu umefika hadi jikoni kwa mwananchi. Funza hawa hula taka, kisha huwa chakula cha kuku kwa nusu ya bei. Kaya mia nne zimeinuka kiuchumi!"

Kwenye skrini ikatokea mikono ya mwanamke ikichota funza kutoka kwenye ndoo ya bluu. Kidole gumba kilikuwa na kovu. Ilikuwa mikono tu. Uso aliukata fundi mwenyewe jana, kwa agizo la mkuu, kwamba uso huleta maswali ya ruhusa.

"Mbinu hii tuliibuni hapa, maabara," profesa alisema, akamwinua funza mmoja kwa koleo huku amekunja pua.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hata mgema hakuwa. Tembo alilikuta kwa watu.

Swali la kwanza likaingia, bila jina la mwulizaji.

NDOO ZANGU SITA MTARUDISHA LINI

Mkuu alilisoma akiwa nyuma ya bega lake. "Kila mhadhara haukosi kichaa wake. Nani kamfundisha huyu kuingia humu? Futa."

Akafuta.

NI MIMI WA FUNZA. MLISEMA MNAAZIMA WIKI MBILI. SASA MWAKA WA PILI. SINA MBEGU YA FUNZA, KUKU WAMEKWISHA

"Futa, bwana!"

Akafuta. Profesa alikuwa amefika kwenye mchoro wa mshale uliopanda kuelekea dari, akiusifia kwa sauti ya muuza dawa mnadani. Likaingia la tatu. Likaingia la nne, la tano, la sita.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu kunyongwa walikwisha kumnyonga, na haki yake ilikuwa pale mbele ya fundi, chini ya kidole chake. Abonyeze mara moja tu, watu mia tatu na kumi wasome. Kidole kikasogea. Mkuu akatoa kalamu mfukoni, akaitandaza barua juu ya meza, akaanza kuilainisha mikunjo kwa kiganja.

Fundi akafuta. Akafuta tena, na tena, mpaka yakaisha. Alijiona mchafu kuliko kile chombo.

Mwishoni mfadhili mmoja aliandika, "Hongera sana!" Hilo akaliweka kwenye skrini. Profesa akaweka mkono kifuani, akashukuru, taa nyekundu ikazimika.

Mkuu akasaini. "Una moyo wa kazi, kaka. Karibu kwenye familia."

"Na hii takataka kaimwage," profesa alisema, akisukuma chombo kwa ncha ya kiatu.

Fundi alikipeleka chooni pamoja na barua yake mfukoni. Alimwaga, akanawa, akapaka sabuni, akanawa tena. Uvundo haukutoka mikononi. Simu ikaita, akaipokea kwa vidole vilivyolowa.

"Mwanangu," mama yake alisema, "nimebonyeza palepale uliponionyesha, mara sita nzima, mpaka kidole hiki chenye kovu kinauma. Mbona hawanijibu?"

Fundi aliufunga mfereji.

"Ni mtandao, mama," alisema. "Mtandao ulikuwa mbaya."