Kipande cha Kombo

Kompyuta mpya ya Nyamvula ilizimika tena katikati ya video ya harusi ya mteja, bibi harusi akiwa bado hajafunuliwa uso. Safari hii alimwita fundi Hamadi, mdogo wa marehemu mumewe.

Hamadi alifungua ubavu wa mashine, akachomoa vipande vya memori, akaanza kuvipima kimoja kimoja. Kile kipya kilipita salama. Cha pili kilipoingia tu, mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye kioo.

"Shemeji, hiki kikuukuu umekitoa wapi?"

"Kwenye kompyuta ya kaka yako."

Hamadi alikigeuza kile kipande kiganjani. Siku ya arobaini ndugu waligawana vitu vyote vya Kombo: kanzu, baiskeli, hata viatu. Kumbe hiki kilibaki.

"Kinakuharibia mashine. Tena umeme ukikatika hakibaki na kumbukumbu yoyote, shemeji, hata kingekuwa kizima. Humu hamna Kombo."

"Najua."

Hamadi alikiweka mezani, akafunga mashine, akaaga.

Mchana kutwa kompyuta haikukwama hata mara moja. Bibi harusi alifunuliwa, akacheka, akalishwa keki. Lakini chumba kilikuwa kimya mno, na Nyamvula kila mara alijikuta akigeuka kutazama mlango.

Alasiri akaufungua tena ule ubavu, akakibana kile kipande mpaka kikashika. Akaanzisha kipimo. Mistari myekundu ikaanza kushuka, palepale ilipoanzia mbele ya Hamadi.

Nyamvula akasogea ukingoni mwa benchi alilozoea kukalia na Kombo, akaacha nafasi ya mtu.