Msuko wa Nyuma ya Sikio

Katika mji ule, wasichana walioshibana hawakupeana pete. Walisukana. Kila mmoja alimpulizia mwenzake punje ya roho yake katika msuko mmoja nyuma ya sikio, na msuko huo haukufumuliwa.

Zuhuria alisukwa wa kwake na Mwanakombo walipokuwa wakiota meno ya pili. Tangu hapo, hata akiwa peke yake jikoni akipepeta mchele, sikio lilimtekenya, akajua Mwanakombo anacheka huko kwao.

Alasiri hii Mwanakombo hakucheka. Homa ilikuwa imemmaliza, na pumzi zilikuja kwa kusuasua. Zuhuria alikwenda kwao, akamwegemeza kifuani kama walivyokaa utotoni, akaanza kufumua msuko wake mwenyewe ili amrudishie mwenzake ile punje ya roho yake.

"Shoga, wacha," Mwanakombo alinong'ona. "Ukifumua hutanisikia tena."

"Tulia. Tangu zamani hujui kukaa ukasukwa."

Msuko ukaisha. Sikio likawa kimya, kimya ambacho Zuhuria alikuwa amekisahau. Lakini ile ilikuwa punje ya roho ya mtoto, haikumtosha msichana mzima. Pumzi za Mwanakombo zilizidi kufifia.

Zuhuria akashika fungu la nywele za rafiki yake, akalichanganya na mawili ya kwake, akasuka. Kisha akapuliza, na safari hii hakupuliza punje.

Mama Mwanakombo alipoingia na uji, alikuta vichwa viwili katika msuko mmoja, vikivuta pumzi moja. Alisimama mlangoni, bakuli mkononi, asijue aite jina la nani.