Simba Hawali Jumatatu

Profesa Lubasha alikuwa akiwaonyesha wakuu wa benki mlingano wake wa kutabiri bei za fedha za kigeni. Namsifu, mwanafunzi wake wa zamani, alikaa mbele kabisa. Mlingano ule aliubuni yeye, kukadiria ulaji wa simba wa bustani ya wanyama, kabla Lubasha hajaupora.

Akanyoosha mkono.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba,” akajibu Lubasha.

“Mbona kila Jumatatu mchoro wako unaanguka hadi sifuri?”

“Jumatatu... soko hupoa.”

“Soko halipoi, Profesa. Jumatatu simba ndio hawapewi nyama, matumbo yapumzike.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Lubasha akapapasa mezani akitafuta maji. Namsifu akamsogezea glasi yake, polepole, kama mtu anayepitisha nyama kwenye nondo za kizimba.