Chumvi Kwenye Soketi

Tsofa aliupachua waya wa sensa, akapitisha kidole ndani ya soketi yake, kisha akakiramba. Akatema papo hapo.

"Chumvi!" alisema. Hapakuwa na wa kumjibu ila kuku wa mamake.

Gari hili lilikuwa limemchosha roho. Lilikuwa gari dogo la Bwana Nassor, la kusambazia mikate Changamwe nzima, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: taa ya injini haizimi. Mashine ya kupima nayo ilishika neno moja, kwamba hita ya sensa ya oksijeni haipati umeme. Hita hiyo kazi yake ni kuipasha sensa joto ianze kazi mapema. Isipopashwa, injini inakunywa petroli kama haina mwenyewe. Si ugonjwa wa kuua gari, jamani. Lakini ulikuwa unamuua Tsofa.

Mara ya kwanza aliona waya umeyeyuka kwa kugusa egzosi na fyuzi imeungua. Akafunga waya mpya, akatia fyuzi mpya, taa ikazima. Gari likalala hapo gerejini, asubuhi Nassor akalichukua, na kabla ya adhuhuri likarudi na taa yake ile ile. Fyuzi imeungua tena! Tsofa akabadilisha sensa nzima. Akaufuata kila waya kwa taa ya kupimia, kutoka kwenye betri hadi kwenye injini, mgongo ukamuuma mpaka akashindwa kusimama wima. Kila kitu sawasawa. Gari likalala, likachukuliwa, na leo limerudi hata kabla injini haijapata moto sawasawa.

"Shikamoo, Bwana Nassor," alikuwa amesema, macho chini.

"Marahaba. Wallahi Tsofa, mimi nakupenda, lakini mikate haingoji. Ahadi yangu ni ile ile. Gari hili likipona, magari yangu yote nakuletea wewe. Likirudi tena, yote nampelekea Kiponda, na usinilaumu. Nalifuata alasiri."

Kiponda alikuwa na gereji yake ng'ambo ya barabara, na mdomo wake haukuwa na breki. "Tsofa!" alipaza sauti mara tu Nassor alipoondoka. "Hilo gari umelioa nini? Kila siku mko pamoja!"

Tsofa alijua magari ya Nassor yakienda ng'ambo ile, gereji yake imekwisha. Atarudi kule kule bandarini Kipevu, kusimama getini na vibarua wengine akiomba achaguliwe. Na gereji hii mamake, Jumwa, aliuza mbuzi wake wote ili isimame hapa uani kwake. Angemtazamaje?

Sasa alikodolea macho ile soketi yenye unyevu. Maji ya chumvi yakiingia mle yanaunganisha waya na waya, na fyuzi lazima iungue. Lakini yametoka wapi? Mvua haijanyesha. Gari halivuki feri wala halijui ufuo. Kila likilala hapa limepona, kesho yake linarudi gonjwa, basi yamemiminwa hapa hapa. Akageuka polepole kutazama ng'ambo. Kiponda alikuwa anapiga mluzi. Loo, hasira ilimpanda Tsofa!

Aliikausha soketi, akaisafisha, akatia fyuzi mpya. Taa ikazima. Safari hii hakushangilia.

Mama Jumwa alikuja na sahani ya sima na mboga ya mchunga. "Mwanangu, kula kwanza."

"Sili, mama. Kuna mtu ananichezea."

"Hakuwezi. Nakuombea usiku na mchana, huyo adui yako nimeshamfunga." Akalitazama gari. "Limepona?"

"Limepona. Nassor analifuata alasiri."

"Mungu ni mwema," alisema mamake, akarudi ndani.

Tsofa akasimama katikati ya uwanja, akapaza sauti ili hata aliye ng'ambo ya barabara asikie. "Mama! Naenda Magongo kununua vipuri, nitakawia!" Akaliacha gari peke yake, boneti haijabanwa, akatoka. Alipoipita kona alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwa upande wa choo na kujibanza nyuma ya rundo la magurudumu makuukuu, spana kubwa mkononi. Jasho lilimwingia machoni hakujipangusa. Aliapa kwamba leo ama yeye ama Kiponda.

Hakungoja sana. Boneti iliinuka ikamficha aliyeiinua. Kisha akasikia maji yakimwagika, gwa gwa gwa, bila haraka, kama mtu anayemwagilia mchicha wake.

Tsofa aliruka magurudumu yale. "Leo nimekushika, Kiponda! Mshenzi we! Umenitafuta vya kutosha!"

"Mimi?" Kiponda alijibu kutoka ng'ambo ya barabara, kikombe cha chai mkononi. "Nimefanya nini tena?"

Ubavuni mwa boneti alichungulia Mama Jumwa, amekumbatia chupa kubwa ya maji ya upako, imebaki tone.

"Taratibu, mwanangu, utanitoa roho! Mchungaji aliyatia chumvi yake vizuri, ni mimi tu niliyekuwa nabana. Zile mara mbili nilinyunyiza kidogo nikaona hayajashika, basi leo nimemimina yote."