Alitaka Ua

Chausiku alishapita kisima, furushi kichwani, akirudi kwao mlimani, mumewe Makame alipomfikia akihema.

"Rudi, mke wangu. Sema unachotaka, nitakupa."

"Ua," alijibu, akilifikiria lile la njano linalojiotea kwao porini.

Akarudi. Makame alipoanza kuchimbia miti, Chausiku alidhani anazuia mbuzi wasije wakalila ua. Kumbe matete yalizunguka nyumba nzima, marefu kuliko mtu.

"Ua wako huo, bibi! Nani atakuchungulia tena?"

Chausiku alicheka hadi machozi. Akafungua fundo la mbegu za ua lile la njano, alizomwekea Makame apande, akazirusha nje ya matete.

Miaka ilipita, Makame akafa akisifiwa kwa ua wake. Tangu siku ile ya matete, Chausiku hakutoka tena nje ya ua. Maua yaliota njiani. Aliwasikia wapita njia wakiulizana nani kayapanda.