Mwewe Ambao Pimbi Hakuwaona

Katika siku zile wanyama walipokuwa bado wakijuliana hali, Pimbi alikuwa mlinzi wa anga. Alikaa juu ya jiwe akihesabu kila ndege aliyepita, na alijivunia sana macho yake.

Kanga alitaka kuwavusha vifaranga wake sita uwanda mtupu uliokuwa chini ya jiwe hilo, wafike kwenye malisho mapya.

"Bwana Pimbi, mwewe ni wangapi?"

"Watatu tu, mama, na wote wako mbali. Vuka!"

Moyo wa Kanga ulisita. Akaenda kwa mbayuwayu, akawaomba kumi wapite juu ya jiwe lile, kila mmoja kwa njia yake. Kisha akarudi.

"Mbayuwayu je, umewaona wangapi leo?"

"Wawili. Unanijaribu, mama? Hata nzi hanipiti mimi!"

"Wamepita kumi, bwana. Wanne walitokea upande wa jua, na wanne walipita mbele ya mlima mweusi kama wao. Mwewe nao hupita njia hizo hizo. Ikiwa katika kila watano unamwona mmoja, basi hao watatu wako ni kumi na watano."

Pimbi akatazama juu, mdomo wazi.

"Hao wengine wako wapi?"

"Sijui. Ndiyo maana sivuki."

Kanga akawapitisha watoto wake chini ya miiba, mwendo wa siku mbili. Walifika wamechoka, wote sita.

Tangu hapo, Pimbi akiulizwa mwewe ni wangapi, hujibu taratibu: "Niliowaona mimi ni watatu."