Sauti ya Kuazima

Mwanahawa alimwazimisha shoga yake Sikudhani sauti kwa ajili ya mchezo mmoja tu wa jukwaani. Siku hizi watu huazimana sauti kama wanavyoazimana masufuria ya shughuli, na katika kikundi chao cha wapenzi wa michezo ya nyimbo ilikuwa aibu kumdai mwenzio kabla pazia la mwisho halijafungwa. Mwanahawa alibaki na sauti ya zahanati, ile bapa ambayo kila aliyeazimisha hupewa.

Lakini mchezo ulipendwa. Ukaongezwa muda, kisha ukaongezwa tena.

Jioni moja Sikudhani alipita na sambusa, kama kawaida yake akitoka mazoezini. Alimkuta Mwanahawa akihangaika na bintiye Aziza, aliyekuwa akilia tangu alasiri.

"Nyamaza, mama, nyamaza," Mwanahawa alibembeleza kwa sauti ya zahanati. Mtoto akazidi kupiga mayowe.

"Hebu nipe mimi," alisema Sikudhani, akaimba kidogo tu. Aziza alinyamaza papo hapo, akamnyooshea mikono.

"Mama," alimwita.

Mwanahawa aliuliza, "Shoga, pazia la mwisho ni lini hasa?"

Sikudhani alimlaza mtoto begani, akaanza kumpigapiga mgongoni bila kumtazama mwenziwe.

"Karibu tu, wala usiwe na wasiwasi."

Mwanahawa aliujua upole ule. Ndio aliokuwa akiutumia yeye mwenyewe kumwambia Aziza kwamba sindano haiumi.